Zambia: Bei ya Unga na Meza ya Pande Tatu

Usiku wa kuamkia Jumamosi tarehe 30 Juni 1990, luteni mmoja wa kikosi cha mawasiliano cha jeshi la Zambia, Mwamba Luchembe, aliingia katika kituo cha redio mjini Lusaka, akashika kipaza sauti na kulitangazia taifa kwamba jeshi limetwaa madaraka. Sababu aliyoitaja ilikuwa ni zile ghasia zilizoutikisa mji wiki hiyo hiyo. Jeshi halikuwa pamoja naye. Baada ya saa chache kituo kilikombolewa, luteni akakamatwa, na redio ikaeleza kwamba serikali ipo na Rais yupo.

Lakini katika saa hizo chache lilitokea jambo ambalo halikufutika kwa tangazo la pili. Watu walitoka majumbani mwao wakashangilia barabarani. Walimshangilia mtu wasiyemjua hata kwa jina, eti kwa kuwa ametangaza kuondoka kwa Rais Kenneth Kaunda, mtu aliyewaongoza kwenye uhuru mwaka 1964, aliyezipokea harakati za ukombozi za Kusini mwa Afrika na kuzipa makazi nchi yake ikipigwa mabomu kwa ajili hiyo.

Uasi wa luteni mmoja ni jambo la kambini, na kambini hushughulikiwa. Ushangiliaji wa raia ni jambo jingine. Tukitaka kuuelewa, hatuna budi kurudi nyuma miaka 16, tuanzie mahali ambapo wengi wa wale walioshangilia hawakupata kupafikiria: soko la madini la London.

Zambia ilizaliwa ikiwa tajiri kwa kitu kimoja. Zaidi ya sehemu tisa katika kumi ya fedha zake za kigeni zilitokana na shaba. Shaba ndiyo iliyojenga shule, hospitali, barabara ya lami na Chuo Kikuu. Shaba ndiyo iliyolipa mishahara ya mwalimu, ya karani na ya askari. Mwaka 1969 serikali ilitangaza kuchukua asilimia 51 ya hisa za makampuni ya migodi, na kwa miaka michache ilionekana kwamba mwenye mali sasa amekuwa mwananchi mwenyewe. Mwezi wa Aprili 1974 bei ya shaba ilifika kilele chake. Halafu ikaporomoka. Katika muda wa mwaka mmoja bei ilikuwa imepungua kwa kiasi cha nusu, na kufikia mwaka 1977 hazina ya serikali ilikuwa haipati karibu chochote kutoka migodini, mahali ambapo miaka mitatu tu kabla ya hapo palikuwa panatoa sehemu kubwa ya bajeti nzima.

Wakati huo huo njia za kusafirishia shaba hiyo zilikuwa zikifungwa moja baada ya nyingine. Mpaka na Rhodesia ulifungwa Januari 1973. Reli ya Benguela, iliyopita Angola kwenda bahari ya Atlantiki, ilikatika Agosti 1975 kwa sababu ya vita. Ikabaki reli yetu ya TAZARA, iliyokabidhiwa rasmi mwaka 1976, na bandari ya Dar es Salaam ambayo peke yake haikuweza kumeza mzigo wote. Askari wa zamani katika nchi zote mbili watakumbuka kwamba Oktoba 1979 makomandoo wa Rhodesia waliipiga TAZARA yenyewe katika daraja la mto Chambeshi, kaskazini mwa Zambia. Na mwezi uliofuata utawala wa Salisbury ulizuia mahindi yasipite kwenda Zambia, katika mwaka ambao mavuno yalikuwa mabaya. Tunayataja haya kwa sababu wako watu wanaosimulia habari ya uchumi wa Zambia kana kwamba kila kosa lilitendeka Lusaka. Si kweli. Nchi ile ililipa gharama ya ukombozi wa wengine, na ililipa kwa fedha taslimu.

Hata hivyo gharama ikishafika nyumbani, lazima igawanywe. Nani abebe kiasi gani? Hapo ndipo linapoanza suala letu la leo.

Mahali pengi duniani, uchumi unapoyumba, pande tatu hukaa mezani: serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi. Kila upande huja na kitu cha kutoa. Jirani zetu wa Kenya walifanya hivyo Februari 1964, wiki chache baada ya maasi ya askari wa kambi ya Lanet, wakati watu wasio na kazi walipokuwa wamejaa mijini. Serikali iliahidi kuongeza wafanyakazi wake kwa asilimia 15, waajiri binafsi wakaahidi asilimia 10, na vyama vya wafanyakazi vikakubali kutogoma wala kudai nyongeza kwa muda wa mwaka mmoja. Haukuwa mkataba uliomaliza tatizo. Kazi zilizopatikana hazikutosha na nyingine hazikudumu. Lakini kila aliyesaini alijua amesaini nini, na mfanyakazi aliyeambiwa avumilie aliweza kuuliza wenzake wawili wametoa nini.

Zambia nayo ilikuwa na pande hizo tatu, tena zilizopangwa vizuri kuliko katika nchi nyingi za Afrika. Kulikuwa na Shirikisho la Waajiri. Kulikuwa na baraza la vyama vya wafanyakazi, ZCTU, na ndani yake chama chenye nguvu kuliko vyote, MUZ, yaani chama cha wafanyakazi wa migodi, chenye makao yake Kitwe. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 1971 iliweka mahakama ya kazi na mabaraza ya wafanyakazi katika makampuni makubwa. Iliweka pia utaratibu wa chama kimoja kwa kila sekta, na ada ya chama ikakatwa moja kwa moja kwenye mshahara. Kwa upande mwingine sheria hiyo hiyo iliifanya njia ya kugoma kuwa ndefu kiasi kwamba mgomo halali haukuwezekana kwa urahisi.

Waliotunga sheria ile walikusudia kuviweka vyama katika kapu moja ili kapu lishikwe na Chama tawala, UNIP, ambacho tangu Desemba 1972 kilikuwa chama pekee nchini. Matokeo yake yalikuwa kinyume. Kapu lilipata fedha, likapata ofisi, likapata viongozi ambao hawakuhitaji kuomba ruhusa kwa mtu ili wale. Mwaka 1974 uenyekiti wa ZCTU ulichukuliwa na kijana mfupi wa umbo kutoka Ukanda wa Shaba, Frederick Chiluba, ambaye katika ujana wake aliwahi kuja hapa kwetu Tanzania kufanya kazi katika shamba la mkonge. Huyo hakuwa mtu wa kushikika.

Upungufu mkubwa wa meza ile ulikuwa kwamba upande mmoja ulikalia viti viwili. Baada ya utaifishaji, serikali ndiyo iliyokuwa mwajiri mkubwa kuliko wote: migodi yake, viwanda vyake, mabasi yake, maduka yake. Ilipotangaza kudhibiti mishahara ilikuwa inazungumza kama msuluhishi. Lakini aliyepata nafuu kwa mishahara kudhibitiwa alikuwa ni yeye yeye, kama mwajiri. Mfanyakazi aliliona hilo mapema kuliko wataalamu wa mipango.

Kwa miaka kadhaa serikali ilijaribu kuuahirisha mgawanyo wa gharama. Ilikopa nje. Iliamini, kama walivyoamini wataalamu wengi wa wakati ule, kwamba bei ya shaba itapanda tena mwakani. Ilitoa ruzuku kwenye unga wa mahindi, kwa sababu mkazi wa mjini wa Zambia hali chakula bila ugali wao, nshima. Ruzuku ile ilikuwa ndiyo mkataba wa kweli kati ya serikali na watu wa mjini, ingawa haukuandikwa mahali. Mshahara hautaongezeka sana, lakini unga utapatikana kwa bei ya kununulika. Kila mmoja aliuelewa hivyo, na ndiyo maana ulipovunjwa hakuna aliyehitaji kufafanuliwa.

Mwaka 1980 serikali ilipitisha sheria ya kuiunganisha miji ya migodi na mabaraza ya wilaya. Wachimbaji walihofia kupoteza huduma walizozizoea za makampuni. ZCTU na MUZ wakapinga. Januari 1981 UNIP iliwafukuza uanachama viongozi 17 wa vyama vya wafanyakazi, na migodi ikagoma. Walirudishwa baada ya miezi michache, lakini Julai mwaka huo huo Chiluba na wenzake watatu, Newstead Zimba, Chitalu Sampa na Timothy Walamba, waliwekwa kizuizini bila mashtaka. Kabla ya mwaka kwisha Mahakama Kuu ilikuwa imemwachilia Chiluba. Kizuizi kile kilimpa Chiluba kitu ambacho mikutano 20 ya hadhara isingempa: aliingia akiwa kiongozi wa wafanyakazi na kutoka akiwa mtu wa nchi nzima.

Kisha likaja Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF. Zambia ilikuwa imekwisha kukopa huko tangu miaka ya 1970, na mwaka 1981 ilipewa ahadi ya mkopo mkubwa wa miaka mitatu, ambao ulisimamishwa mwaka uliofuata kwa kuwa masharti hayakutimizwa. Mwishoni mwa 1982 udhibiti wa bei za bidhaa nyingi uliondolewa. Januari 1983 thamani ya kwacha ilipunguzwa kwa asilimia 20, na nyongeza za mishahara zikawekewa kikomo. Oktoba 1985 ulianzishwa mnada wa fedha za kigeni, ambapo kila wiki dola ziliuzwa kwa mwenye kutoa bei kubwa. Kabla ya mnada dola moja ilipatikana kwa kwacha 2 na ushei. Mnada wa kwanza uliipeleka kwenye kwacha 5. Mwishoni mwa mwaka 1986 ilikuwa imepita 12. Mwenye mshahara hakuwa ameongezewa mara tano wala mara sita, na kila kilichotoka nje, kuanzia dawa hadi tairi la basi, kilimfuata na bei yake mpya.

Je, meza ya pande tatu ilikuwa wapi wakati huo? Ilikuwepo, lakini hapakuwa na kilichoamuliwa hapo. Masharti yalikubaliwa kati ya hazina na wageni kutoka Washington. Vyama viliyasikia redioni kama sisi. Na mwaka 1985, ili kuzuia migomo, serikali ilitoa amri kwamba chama ambacho wanachama wake wanagoma kinyume cha sheria kinaweza kunyimwa ule utaratibu wa ada kukatwa kwenye mshahara. Yaani kile kilichotolewa mwaka 1971 ili kuwavuta kwenye kapu, sasa kikageuzwa fimbo. Viongozi wa vyama waliopenda kuzungumza walibaki hawana cha kuwapelekea wanachama wao, na wanachama wakaanza kugoma bila kuwauliza viongozi. Mtu aliyewahi kusimamia doria katika mji wenye migomo ya namna hiyo anaelewa hatari yake: huna mtu wa kuzungumza naye upande wa pili.

Sasa tufike Desemba 1986, na hapa tutakaa kidogo.

Unga wa mahindi wa Zambia uko wa namna mbili. Uko mweupe uliokobolewa sana, unaoitwa huko unga wa kifungua kinywa, kwetu tungesema sembe. Uko na mwingine usiokobolewa sana, wa bei ndogo, wa makabwela, unaokaribiana na dona yetu. Serikali, katika kutekeleza mpango wake na IMF, iliamua kuondoa ruzuku kwenye sembe na kuiacha kwenye ule wa bei ndogo. Kwa karatasi mpango huo si mbaya. Mwenye uwezo atalipa, maskini atalindwa. Hata mtu wa haki angeuunga mkono.

Lakini tuangalie ulivyotekelezwa. Ruzuku ya ule unga wa bei ndogo ilikuwa ipitie kwa wenye vinu: wauze kwanza kwa bei ya chini, kisha waidai serikali tofauti yake. Wenye vinu walikuwa wafanyabiashara, wanaijua hazina ya serikali iliyochacha, na hawakuwa na imani kwamba watalipwa. Basi wakaacha kuusaga. Unga wa makabwela ukatoweka madukani. Kilichobaki kwenye rafu kilikuwa ni sembe, ambayo bei yake ilikuwa imepanda kwa asilimia 120. Maskini aliyekusudiwa kulindwa alijikuta hana cha kununua isipokuwa kile cha tajiri, kwa bei iliyozidi mara mbili.

Wenye vinu ni waajiri. Chama cha wafanyakazi ndicho kinachojua ni nyumba ngapi Kitwe zinakula unga upi. Kama pande hizi mbili zingeitwa wiki mbili kabla, zikaulizwa tu swali moja, je, mpango huu utafanya kazi, jibu lingepatikana kwa dakika kumi bila msaada wa mtaalamu kutoka ng'ambo. Hilo ndilo linalomuuma mtu asomapo historia hii. Ruzuku ilikuwa lazima ipungue. Nchi haikuwa na fedha, na ubishi juu ya hilo hauna maana. Kilichokosekana ni mtu wa kusema, ngojeni kwanza, wenye vinu hawatasaga.

Ghasia zilizuka katika miji ya Ukanda wa Shaba katika juma la pili la mwezi huo. Kitwe, Kalulushi, Chingola, na kwingineko, umati ulivunja maghala na maduka, hasa maduka ya serikali, ukachukua unga na kilichokuwa kando ya unga. Polisi walipelekwa, kisha askari wa jeshi. Amri ya kutotembea usiku ilitangazwa katika mkoa mzima na mipaka ya nchi ikafungwa. Watu 15 walikufa.

Tumfikirie askari aliyekuwa kwenye lori lile. Naye anakula nshima. Naye ana mke aliyerudi dukani siku ile mikono mitupu, na mshahara wake ni ule ule uliopigwa na mnada wa dola. Pengine ana ndugu mgodini. Amepewa amri ya kulinda ghala, na ni amri halali, kwa maana mji ukiachwa uchomwe hakuna atakayekula. Lakini risasi aliyopewa haiwezi kujibu swali ambalo umati unauliza. Ametumwa kumaliza kwa nusu saa jambo ambalo wenye suti walishindwa kulizungumza kwa miaka 10. Katika kazi ya ulinzi wa raia hakuna zamu ngumu kuliko hiyo, na waliowahi kuishika, Zambia au kwingineko, hawapendi kuisimulia.

Rais Kaunda hakungoja. Siku chache tu baada ya ghasia kuanza alijitokeza kulitangazia taifa kwamba bei inarudi ilipokuwa. Serikali ikatangaza pia kuvichukua vinu vya watu binafsi. Ghasia zikazimika. Lakini pamoja na kuzimika kwake, watu wa mjini walijifunza somo ambalo serikali yoyote ingeomba lisifundishwe: maombi ya miaka mingi mezani hayakuleta kitu, siku chache za mawe zimeleta bei ya zamani. Mtu mwenye hekima anapolazimika kurudi nyuma, humpa heshima ya kurudi huko yule aliyekuwa akizungumza naye kwa amani. Kaunda hakumpa Chiluba heshima hiyo. Aliupa umati.

Tarehe 1 Mei 1987, Sikukuu ya Wafanyakazi, Rais alitangaza kwamba Zambia inaachana na mpango wa IMF. Siku hiyo haikuchaguliwa kwa bahati. Mnada ulifutwa, kwacha ikawekwa kwenye 8 kwa dola moja, udhibiti wa bei ukarudi, na malipo ya madeni ya nje yakawekewa ukomo wa asilimia 10 ya mapato halisi ya mauzo ya nje. Ukaandikwa mpango mpya, wa kukua kwa kutumia rasilimali za nchi yenyewe. Wako waliosema ilikuwa wazimu. Sisi hatusemi hivyo. Mvua zilikuwa nzuri, na mwaka 1988 uchumi ulikua. Lakini wafadhili walifunga mifuko yao, malimbikizo ya deni yakaendelea kupanda, na migodi iliyozeeka ikakosa vipuri. Uzalishaji wa shaba, uliowahi kupita tani 700,000 kwa mwaka, ulikuwa umeshuka chini ya tani 500,000. Foleni za mafuta ya kupikia na sabuni zilirefuka, na magendo ya unga kwenda ng'ambo ya mpaka yakanenepa, kwa maana bei ya ruzuku ni tamu kwa mlanguzi kuliko kwa mlaji. Mwaka 1989 wakazi wa mijini walianza kugawiwa kuponi za unga, na mwaka huo huo, kimya kimya, serikali ikaanza tena kurudi kwenye njia ya IMF: kwacha ikashushwa, bei za bidhaa zote zikaachwa huru isipokuwa ya unga wa mahindi.

Mtu atauliza, sisi je? Hapa Tanzania nasi tulivutana na IMF kwa miaka mingi kabla ya kukubaliana nayo mwaka 1986, na ruzuku ya sembe iliondolewa kwetu katika bajeti ya mwaka 1984. Maisha yalikuwa magumu, hakuna asiyekumbuka bei za kuruka na maduka matupu. Lakini bajeti hiyo hiyo iliyoondoa ruzuku iliongeza kima cha chini cha mshahara, na wengi mijini walikuwa bado na shamba au ndugu mwenye shamba. Mkazi wa Kitwe hakuwa na shamba. Alizaliwa mjini, baba yake alizaliwa mjini, na kati yake na njaa palikuwa na duka moja tu.

Juni 1990 historia ilijirudia, safari hii katika makao makuu. Bei ya unga ilipandishwa tena zaidi ya mara mbili. Wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana, mji ukawafuata, na kwa siku tatu Lusaka ikawaka. Zaidi ya watu 20 walikufa. Ndipo, mwishoni mwa wiki hiyo, Luteni Luchembe akaenda redioni.

Sasa tunaweza kuwaelewa wale walioshangilia. Hawakuwa wakiunga mkono utawala wa kijeshi, wala hawakuwa wamesahau uhuru. Walikuwa wamefikia mahali ambapo sauti yoyote iliyosema kwamba mambo yamebadilika ilionekana nzuri kuliko kimya. Na luteni yule, kwa upande wake, alitenda kosa ambalo kila askari hapa anaweza kulipima mwenyewe. Alichukua manung'uniko ya kweli ya raia akayafanya kibali cha kuvunja kiapo. Mwezi uliofuata Rais Kaunda alimsamehe. Mtu akitaka kuutaja ubaya wa Mzee Kaunda na ataje, lakini na hilo alitaje.

Vyama vya wafanyakazi havikuwa barabarani na mawe wakati huo. Tangu Desemba 1989 Chiluba alikuwa amekwisha kusema hadharani kwamba kama wenye mfumo wa chama kimoja wenyewe, huko Ulaya ya Mashariki, wameuacha, Mwafrika hana sababu ya kuung'ang'ania. Julai 1990 mkutano ulifanyika katika hoteli ya Garden House mjini Lusaka. Walikuwapo wafanyakazi, wafanyabiashara, mawakili na wanasiasa wa zamani. Kwa maneno mengine, pande mbili za ile meza zilikutana bila ya ile ya tatu, na zikaanzisha vuguvugu la MMD. Desemba katiba ilibadilishwa kuruhusu vyama vingi. Tarehe 31 Oktoba 1991 Chiluba alipata zaidi ya robo tatu ya kura za urais, na MMD ikachukua viti 125 kati ya 150. Kaunda alikubali matokeo na kukabidhi madaraka kwa amani, jambo ambalo katika Afrika ya wakati ule lilikuwa adimu. Askari wa Zambia walisimama katika gwaride la kumuaga mmoja na kumpokea mwingine, bila risasi hata moja.

Na unga? Serikali mpya haikuchelewa hata miezi miwili. Desemba 1991 iliondoa ruzuku na bei ikapanda, kwa dawa ile ile, kutoka kwa daktari yule yule. Hazikutokea ghasia za namna ya 1986 wala 1990. Aliyekuwa anawaambia wavumilie alikuwa amekaa nao upande mmoja wa meza kwa miaka 17, alikuwa amefungwa kwa ajili yao, na walikuwa wametoka tu kumpigia kura huku akiwaeleza waziwazi kwamba mambo yatakuwa magumu kabla ya kuwa mazuri. ZCTU ilinyamaza kwa ajili ya mwana wake.

Kimya hicho nacho kilikuwa na mwisho. Mashirika ya umma yalianza kuuzwa au kufungwa, watu kwa maelfu wakapoteza kazi, na mwaka 1994 chama cha wafanyakazi wa migodi, ambacho ndicho kilichokuwa uti wa mgongo wa baraza, kilijitoa ZCTU. Lakini kabla ya hapo, mwaka 1993, Bunge la Zambia lilikuwa limepitisha sheria mpya ya mahusiano ya kazi. Ndani yake kiliwekwa kifungu cha baraza la ushauri la pande tatu, serikali, waajiri na wafanyakazi, wenye idadi sawa ya wajumbe. Ilikuwa imepita miaka saba tangu Kitwe.